John Okello: fundi mwashi wa Pemba aliyejiita Fildi Mashali

 Leo nakuleteeni habari za mtu ambaye jina lake tunalisikia barazani tangu utotoni, lakini ukimtafuta kwenye maandishi unamkuta kila mahali ana sura nyingine. Huku shujaa, huku jambazi, kwengine hayumo kabisa kama vile hakuzaliwa. Namzungumzia John Okello.

Kwanza niseme kilichonisukuma. Juzi mimi na mshikaji wangu tulikaa kwenye kafe ya intaneti hapa mjini, tumelipia saa moja, tunataka kuandika aya moja tu ya maisha ya Okello tuitie kwenye kamusi elezo ya mtandaoni. Mnajua mambo yenyewe yanavyokwenda. Wikipedia ilianza Januari 2001 kwa Kiingereza, ya Kiswahili ikafuata 2003, na kila makala mtu yeyote anaandika, mtu yeyote anarekebisha. Nyuma ya makala kuna ukurasa wa majadiliano, na huko ndiko watu wanakotoana macho. Masharti yanajulikana: usiegemee upande, onyesha habari umeitoa wapi, na usinakili sentensi ya mtu.

Masharti mepesi hayo, eti? Saa moja ikaisha tumekubaliana maneno manane tu! Sababu ni kwamba babu yangu mimi alikuwa mtu wa ZPPP na babu yake yeye alikuwa ASP. Kila neno nililoweka yeye alilifuta, na kila alilorudisha mimi nikalifuta. Hatukupigana, lakini soda tulimalizia kila mtu meza yake.

Basi nimeona bora niyaandike maisha ya huyu bwana yote hapa kwetu, na kila penye ugomvi wa neno nisimame kidogo tuangalie ugomvi wenyewe ni wa nini.

MTOTO YATIMA WA LANGO

Maneno manane tuliyokubaliana ni haya: John Okello alizaliwa mwaka 1937 huko Lango, Uganda. Alibatizwa akiwa mdogo sana akapewa jina la Gideon. Alipokuwa na miaka kama 11 wazazi wake wakawa wameshafariki, akalelewa na jamaa. Akiwa na miaka 15 akafunga kibindo akaondoka kutafuta kazi, na kuanzia hapo akawa mtu wa kuzunguka Afrika Mashariki. Alikuwa karani, akawa mtumishi wa nyumbani, akawa mtunza bustani, na mwisho akashika mwiko akawa fundi mwashi.

Kijana yeyote wa Pemba aliyevuka maji kwenda Tanga au Dar kutafuta riziki atamwelewa hapa. Lakini hapa hapa ndipo tulipoanza. Mwenzangu alitaka tumwite mpigania uhuru toka mstari wa pili. Mimi nikataka tumwite mzururaji. Nikifikiri sasa naona wote tulikosea. Kijana wa miaka 15 anayetafuta kazi ni kijana anayetafuta kazi, basi. Tulikuwa tunamvisha nguo za mwaka 1964 kabla hajafika huko.

PEMBA, 1959

Mwaka 1959 akavuka bahari. Na wengi hawajui hili: hakushukia Unguja, alishukia kwetu Pemba. Akaishi kwa vibarua na kazi ya uashi katika kisiwa cha mikarafuu, ambako watu wa bara walikuwa wakija na kuondoka kila msimu, kwa hiyo mgeni mmoja zaidi hakuwa habari.

Wakati wenyewe ulikuwa wa moto. Uchaguzi wa kwanza ulishafanyika 1957, na mwaka ule ule wa 1959 Sheikh Mohammed Shamte wa hapa hapa Pemba na wenzake wakajitoa ASP wakaunda ZPPP. Inaelezwa kwamba Okello aliingia kwanza chama cha Shamte, kisha ndiyo akahamia ASP. Uchaguzi wa Januari 1961 ASP walipata viti 10, ZNP 9 na ZPPP 3, na kiti cha Chake Chake ASP walikipata kwa kura moja. Kura moja, jamani! Hebu fikiria baraza za mji huu zilivyokuwa wiki ile. Ukaja uchaguzi wa pili Juni mwaka huo huo, na safari hii Unguja ikaripuka fujo, watu 68 wakafa. Okello aliyaishi hayo yote akiwa visiwani.

Katika miaka hiyo alikuwa akiwaeleza watu kwamba alipigana vita vya Mau Mau Kenya na kwamba ana cheo cha Fildi Mashali. Alisema pia kwamba yeye, Mkristo, amesikia sauti ikimwamuru awakomboe Waafrika wa visiwa hivi.

Hapa sasa ugomvi mkubwa. Mimi niliandika alidai. Mwenzangu akabadilisha, alisema. Mnaweza kuona ni jambo dogo, lakini yakhe, Kiswahili chetu kina ujanja wake. Ukisema mtu anadai, umeshamwita mwongo kwa adabu. Ukitia neno ati mbele yake, huna adabu tena. Ukisema alijigamba, umeshamaliza kesi, msomaji hana la kuamua. Na ukisema alieleza, umempa ukweli bila ya ushahidi. Nilijitetea kwamba mimi siegemei, nasema kweli tu. Lakini kweli yenyewe ni kwamba hakuwa na uzoefu wowote wa kijeshi, hivyo ndivyo waandishi wa historia walivyoona baada ya kuchunguza. Sasa kama ushahidi upo, neno la kejeli la nini? Andika alisema, halafu sentensi inayofuata weka kilichoonekana. Msomaji si mtoto, atajumlisha mwenyewe.

USIKU WA TAREHE 12

Mwaka 1963 Okello akahamia Unguja, akawa karibu na vijana wa ASP na chama cha wafanyakazi wapaka rangi. Uchaguzi wa Julai mwaka huo ASP wakapata asilimia 54 ya kura lakini viti 13 tu kati ya 31. ZNP na ZPPP kwa pamoja wakachukua 18 na kuunda serikali. Uhuru ukaja tarehe 10 Desemba 1963, Sultani Jamshid bin Abdullah mkuu wa nchi, Sheikh Shamte waziri mkuu. Askari polisi wengi wa asili ya bara wakaachishwa kazi, wakabaki mjini hawana mshahara na wanaijua kila kona ya vituo walivyotoka.

Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964, watu kati ya 600 na 800, wengi wao wana mapanga na marungu tu, wakavamia vituo vya polisi na ghala za silaha za Ziwani na Mtoni. Walipozipata bunduki, mambo yakaenda mbio. Kufika mchana mji ulikuwa mikononi mwao, na Sultani na jamaa zake wakaondoka kwa meli ya Seyyid Khalifa. Serikali ilikuwa haijatimiza hata siku 40.

Nani aliongoza? Hili nalo mnalijua linavyowasha. Magazeti ya dunia siku zile yalimtaja Okello. Okello mwenyewe alijitaja Okello. Historia rasmi ya serikali ikawataja Mzee Abeid Amani Karume, ASP na Kamati ya watu 14, na Okello akabaki sauti ya redioni. Karume na Abdulrahman Babu walikuwa bara siku zile za mwanzo, na hilo nalo kila upande unalitumia kwa faida yake. Mwenzangu alitaka tuandike chama kiliongoza, mimi nikataka tuandike mgeni kutoka Uganda aliongoza, maana kwa upande wetu neno mgeni lina kazi ya kufanya. Mimi nilitaka mapinduzi yaitwe uvamizi, yeye akasema tukio lina jina lake na linajulikana duniani.

Kwenye hili alikuwa sahihi. Jina la tukio ni Mapinduzi ya Zanzibar, sikukuu yake ni Januari 12, na makala ya kamusi haiwezi kulibatiza upya kwa kuwa babu yangu hakulipenda. Inachoweza ni kusema nani analiita uvamizi na kwa nini. Na mimi nilikuwa sahihi kwenye uongozi: usiandike chama kiliongoza kama vile hakuna anayebisha. Andika nani anasema hivi, nani anasema vile.

SAUTI YA REDIONI

Okello aliwatisha watu kwa redio kuliko kwa bunduki. Watu waliamka asubuhi wakasikia mtu wasiyemjua, Kiswahili chake cha bara ya mbali, anajitangaza Fildi Mashali na anatoa amri. Wengi hawakuwahi hata kulisikia jina lake. Kati ya aliyoyatangaza ni kwamba Sultani aiue familia yake kisha ajiue mwenyewe, la sivyo yeye Okello ataifanya kazi hiyo kwa mkono wake. Katika hotuba nyingine alitaja maelfu kwa maelfu ya maadui aliosema amewaua au kuwafunga.

Sasa hapa ndipo nilipojifunza maana ya kueleza maneno ya mtu kwa maneno yako. Mwenzangu aliandika kwamba Okello alitoa onyo kwa Sultani. Hebu soma tena. Onyo! Onyo ni la mwalimu kwa mwanafunzi aliyechelewa. Aliyesoma aya ile hatajua hata siku moja kwamba mtu aliambiwa aue wanawe. Hakutia uongo hata chembe, lakini ukweli ameutoa roho. Mimi nikaandika kwamba kwa unyama wake wa kuzaliwa alibweka redioni. Huo nao si ufupisho, ni matusi. Hakuna aliyekuwa amenukuu, wote tumetumia maneno yetu, na wote tumeharibu.

Njia ya tatu ndiyo hiyo niliyoiandika juu: sema alichotaka kifanyike, kama kilivyo, bila sukari na bila pilipili. Ukatili ukiwemo ndani ya kitendo utaonekana wenyewe.

Na kuna wizi mwengine. Ukizunguka mtandaoni utaona makala nyingi za Okello zina sentensi ile ile, mtu kabadilisha maneno mawili, kaondoa koma, kasema yake. Wadau, nyumba ya mtu ukiipaka chokaa haijawa yako. Boriti ni zake, madirisha ni yake, wewe umeleta ndoo tu. Okello mwenyewe, fundi, angewaambia hivyo. Na ubaya wake si wizi tu. Mmoja akikosea wa kwanza, kosa lile linakuwa na ndugu ishirini, na msomaji anaona ishirini wamekubaliana.

WALIOKUFA

Idadi ya waliouawa siku na wiki zile haijawahi kuwa moja. Makadirio yanaanzia mamia kadhaa yanapanda mpaka 20,000. Waliouawa wengi walikuwa Waarabu wa Unguja, na Wahindi nao walipatwa. Kikosi cha Okello kikawa kinazunguka, na uporaji, ubakaji na mauaji vimeandikwa na wengi. Kuna picha za sinema zilizopigwa kutoka angani na Waitaliano, zikatoka kwenye filamu ya Africa Addio ya mwaka 1966.

Hapa watu wa kamusi wanapenda kupatanisha: wewe unasema mamia, huyu 20,000, haya tuandike 10,000 tulale. Hapana. Maiti si bei ya samaki sokoni kwamba tunakutana katikati. Ukiandika idadi ya katikati umeandika idadi ambayo hakuna aliyeitoa. Weka ya chini, weka ya juu, sema nani kaitoa. Na ukumbuke kwamba Okello mwenyewe alikuwa na hamu ya kuzikuza idadi, kwa sababu hofu ilikuwa silaha yake.

PEMBA TENA

Vita vya usiku ule vilikuwa Unguja. Pemba haikuwa na usiku ule. Ukiwauliza wazee wa huku habari za 1964, wanakwambia kilichofuata. Okello alikuja Pemba na askari wake, na wapo wanaosimulia watu kuchapwa hadharani na wazee kunyolewa ndevu. Miaka ile yote Wapemba wanaiita siku za bakora, na ukiona mzee anaitaja halafu ananyamaza, usiendelee kuuliza.

Nami nilikuwa na sentensi yangu tayari, niliyoitunza muda mrefu: kwamba Okello alimchapa babu yangu. Nilikua nayo hiyo. Jioni ya siku ile ya ugomvi nikaenda kwa babu, nikamwamkia, nikakaa chini mkekani nikamuuliza. Akanyamaza kitambo. Kisha akanieleza kwamba bakora alizila kweli, mbele ya watu, na sababu yake ilikuwa neno moja alilolisema dukani. Lakini haikuwa mwezi ule wala mwaka ule. Okello alikuwa ameshaondoka zamani. Waliompiga ni wengine, na mmoja wao alikuwa akimjua kwa jina.

Nikarudi nyumbani sina usingizi. Ningeiandika sentensi ile kwenye kamusi, ingeenea, na ingekuwa uongo. Tena uongo wenye faida kwa watu: mgeni mmoja aliyefukuzwa na kufa anabebeshwa kila kitu, na wenyeji wote mikono safi. Okello ana mzigo wake wa kutosha. Akibebeshwa na wa wengine, ni sisi tunaopoteza, si yeye.

KUFUKUZWA

Cheo chake hakikufika mbali. Karume akawa Rais, Abdallah Kassim Hanga waziri mkuu, Babu akashika mambo ya nje. Katika nchi ya Waislamu, na kwa viongozi waliojengwa na chama, Okello hakuwa na mahali pa kukaa: dini yake, lafudhi yake, askari wake wasiotii mtu. Tarehe 8 Machi 1964 alikuwa anarudi kutoka safari ya bara akazuiwa kuingia. Tarehe 11 Machi akavuliwa rasmi cheo cha Fildi Mashali. Akapelekwa Tanganyika, kisha Kenya, na mwisho akarudi Uganda hana kitu. Muungano wa Aprili 26 ulimkuta ameshatolewa mchezoni. Kati ya Mapinduzi na kufungiwa mlango hazikupita hata siku 60.

Mwaka 1967 kitabu chake kilitoka Nairobi, kikaitwa Revolution in Zanzibar. Ni chanzo muhimu, lakini ni chanzo cha mtu anayejisimulia, na mtu akijisimulia mara nyingi anajikuta katikati ya picha. Kitumie, ila sema ni yeye anayesema.

MWISHO WAKE

Idi Amin alichukua madaraka Uganda tarehe 25 Januari 1971. Mwaka huo Okello alionekana naye, kisha hakuonekana tena. Alikuwa na miaka kama 34. Wengi wanaamini Amin alimuua, na makala nyingi zinaliandika hilo kama lililoshuhudiwa. Mpaka leo kaburi lake halijulikani, kwa hiyo neno linalolingana na ushahidi ni alitoweka.

Kuna kisa kinachorudiwa sana, kwamba Amin alifanya mzaha kwamba sasa Uganda ina mafildi mashali wawili, na baada ya mzaha ule Okello hakuonekana. Kisa kitamu, kila mtu anakipenda, na mimi nilikiandika. Mwenzangu ndiye aliyekikamata. Amin alijipa cheo hicho mwaka 1975. Okello alitoweka 1971. Huo mzaha ungefanywaje? Nilikasirika, maana ilikuwa sentensi yangu nzuri kuliko zote. Tukaifuta.

TULIPOFIKA

Siku ya pili tulirudi kafe, tukalipia saa nyingine. Nilimweleza mwenzangu habari ya babu. Akanyamaza, kisha akaniambia kwamba na babu yake yeye hajawahi kumweleza alikuwa wapi miaka ile, na kwamba anaogopa kuuliza. Sikujua la kumjibu. Tukaanza kuandika.

Aya yetu sasa ina mistari tisa. Inasema alizaliwa wapi, alikuja lini Pemba, alisema nini kuhusu nafsi yake na nini kilionekana, ni nani wanaompa uongozi wa Mapinduzi na nani wanaomnyima, alitaka nini kwa Sultani, idadi ya chini na ya juu ya waliokufa, siku alipozuiwa, na mwaka alipotoweka. Hakuna shujaa humo wala shetani. Babu yangu hayumo, wala babu yake. Tulibaki na kazi moja, kumpata mtu wa kuandika makala ya siku za bakora yenyewe, kwa majina na miaka inayothibitika, kabla wazee hawajaondoka na habari zao.

Haya, uwanja ni wenu. Aliye na kitabu, tarehe au kumbukumbu ya mzee wake atuletee hapo chini. Aliye na matusi tu, aende akanywe maji kwanza. Naomba kuwasilisha.